Mpiga mbizi anapopotea baharini: Kifaa chake cha dharura kinamwita nani?

WAPIGA mbizi wanne waliibuka kutoka chini ya maji karibu na kisiwa kidogo cha Tokong Sanggol, nje ya mji wa Mersing nchini Malaysia, mchana wa Aprili 6, 2022, na kukuta boti iliyowapeleka haionekani.

Mkondo wa bahari uliwachukua. Mwalimu wao, mwanamke raia wa Norway, alionwa na boti ya kuvuta meli siku iliyofuata na kuokolewa. Wengine wawili, Mwingereza mmoja na binti wa Kifaransa wa miaka 18, waliokotwa na wavuvi usiku wa kuamkia Aprili 9, wakiwa wameelea kwa zaidi ya siku mbili. Wa nne, mvulana wa miaka 14, hakunusurika.

Si hewa ya mtungini iliyowaponza. Walikuwa wamekwisha kumaliza safari ya chini na kurudi juu; hatari iliwakuta wakiwa wanaelea, vichwa vikiwa nje ya maji, tena mchana kweupe.

Watu wa nchi kavu hudhani kwamba mpiga mbizi hukumbana na mauti kule chini tu, penye giza na shinikizo la maji. Iko hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni ya kupotea juu ya maji. Dhidi ya hatari hiyo ndipo vilipobuniwa vifaa vidogo vya kurusha ishara ya dharura, vinavyoenea katika kiganja cha mkono. Lakini vifaa hivyo si vya aina moja, na tofauti iliyopo kati yao ni kubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani.

Ili kuelewa kazi ya kifaa hicho, sharti kwanza kuelewa kwa nini mtu anapotea akiwa juu ya maji.

Anayeelea baharini huonyesha kichwa peke yake, na kichwa cha mtu kikitazamwa kutoka botini hakizidi dafu lililotupwa majini. Suti ya mpira anayovaa kwa kawaida ni nyeusi, na jaketi lake la kuelea nalo mara nyingi ni la rangi ya giza, kana kwamba watengenezaji walikusudia kumficha.

Nahodha aliyesimama katika boti ya faiba, macho yake yakiwa mita mbili juu ya maji, anaona upeo wa bahari ulio umbali wa kilomita tano hivi. Hiyo haina maana kwamba ataona kichwa kilicho umbali huo. Wimbi la nusu mita linatosha kukifunika kichwa kwa sekunde kadhaa, na jicho la mtafutaji halitui mahali pamoja. Kwa upande wa anayeelea hali ni mbaya zaidi, kwani macho yake yakiwa sentimita 20 tu juu ya maji, upeo wake unakomea kwenye kilomita moja na nusu hivi. Hata hivyo, kwa kuwa boti ni ndefu kuliko kichwa, yeye huiona boti mapema kuliko boti inavyomwona yeye. Huweza kuiona ikipita, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na isigeuke.

Kisha kuna mkondo. Mkondo unaokwenda kilomita 3.7 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea polepole, si jambo la ajabu baharini. Iwapo waokoaji hawajui mtu amechukuliwa upande gani, baada ya saa moja eneo la kumtafuta linafikia kilomita za mraba 43. Baada ya saa sita, duara hilo hufikia karibu kilomita za mraba 1,550, kiasi kinachokaribia ukubwa wa kisiwa kizima cha Unguja. Wataalamu wa uokoaji hulipunguza eneo hilo kwa kukadiria upepo na mkondo, lakini makadirio hayo huanzia mahali na saa mtu alipoonekana mara ya mwisho. Ikiwa boti ilikaa saa mbili ikizunguka yenyewe kabla ya kutoa taarifa, hesabu imekwisha kuharibika.

Pwani ya Afrika Mashariki si ngeni katika habari hizi. Mkondo mkuu wa pwani hii huelekea kaskazini, ukipata nguvu zaidi wakati wa kusi. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa hicho na bara, una kina kinachozidi mita 800, na kuta za matumbawe zinazowavutia wageni huko ndizo hizo hizo zinazopitiwa na maji yaendayo kasi. Huko Mafia, mlango wa Kinasi unaoingia ghuba ya Chole huendewa kwa kufuata saa za maji. Yakiwa yanajaa, humpeleka mpiga mbizi ndani ya ghuba. Yakipwa, humtoa nje kwenye bahari kuu. Siku za bamvua, nguvu hiyo huongezeka. Wazee wa pwani waliyajua hayo kabla mtungi wa hewa haujafika.

Kifaa cha dharura hakizuii mkondo. Kinachofanya ni kuondoa lile duara la kilomita za mraba mia na kuacha nukta moja.

Aina ya kwanza, na ndiyo iliyo kongwe, huzungumza na setilaiti. Mfumo unaoipokea unaitwa Cospas-Sarsat, na chanzo chake kina ajabu kidogo: uliasisiwa na Canada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti wakati Vita Baridi vikiwa vimepamba moto. Setilaiti ya kwanza ilirushwa na Wasovieti mwezi Juni 1982. Septemba mwaka huo huo iliwezesha kuokolewa kwa watu watatu ambao ndege yao ndogo ilikuwa imeanguka katika milima ya British Columbia, Canada. Serikali zilizokuwa zikielekezeana makombora zilikubaliana kwamba mtu anayeomba msaada asiulizwe uraia wake.

Meli hubeba kifaa kikubwa cha aina hii kiitwacho EPIRB, ambacho hujifyatua chenyewe meli inapozama na kuelea kikitoa ishara kwa muda usiopungua saa 48. Kile cha mtu binafsi huitwa PLB. Ni kidogo, huwashwa kwa mkono, na betri yake imetengenezwa idumu si chini ya saa 24.

Kikiwashwa, hutuma ishara fupi ya takriban nusu sekunde katika masafa ya megahezi 406, kwa nguvu ya wati 5, na kurudia kila baada ya sekunde 50 hivi. Ndani ya ishara hiyo mna namba ya utambulisho wa kifaa, pamoja na alama ya nchi kilikosajiliwa. Vingi vya siku hizi vina kipokezi cha GPS, hivyo hutuma pia mahali mtu alipo kwa usahihi wa takriban mita 100. Setilaiti huirudisha ishara ardhini kwenye mitambo maalumu, nayo hupelekwa kwa kituo cha uokoaji kinachohusika na eneo hilo la bahari.

Zamani ilibidi kusubiri setilaiti ipite juu, jambo lililoweza kuchukua saa nzima au zaidi. Sasa vipokezi vimefungwa pia katika setilaiti za GPS, Galileo na Glonass, ambazo ziko juu sana na huona sehemu kubwa ya dunia kwa wakati mmoja, na kusubiri kumekuwa kwa dakika. Tangu mwaka 2020 setilaiti za Galileo zinaweza hata kurudisha jibu, ili taa ya kifaa imjulishe anayeelea kwamba ujumbe wake umepokewa. Kwa mtu aliye peke yake gizani, jibu hilo si jambo dogo.

Inafaa kutaja hapa kwamba vifaa vya zamani vilivyotumia masafa ya megahezi 121.5 pekee havisikilizwi tena na setilaiti tangu Februari 1, 2009. Anayenunua kifaa cha mtumba cha aina hiyo amenunua taa isiyo na mshumaa. Vifaa vipya bado hutoa ishara katika masafa hayo, lakini ni kwa ajili ya kuiongoza ndege au boti iliyokwisha kukaribia.

Tatizo la PLB kwa mpiga mbizi ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia na wapanda milima. Nyingi haziwezi kustahimili kina kinachozidi mita 10 au 15, ilhali wapiga mbizi wa burudani hushuka hadi mita 30, na wengine 40. Kifaa hicho kikishuka bila kinga, maji huingia na betri hufa. Kwa hiyo hubebwa ndani ya mkebe maalumu unaohimili shinikizo, na hufunguliwa baada ya kuibuka tu. Chini ya maji hakina kazi hata kidogo, kwa kuwa mawimbi ya redio ya aina hiyo hayapenyi maji ya chumvi. Hata juu, antena ni lazima iwe imesimama wima nje ya maji, kazi inayochosha mkono baada ya saa chache za mawimbi.

Aina ya pili haizungumzi na anga bali na jirani. Hutumia mfumo wa AIS, ule unaoziwezesha meli kuonana kwenye skrini zao, na vingi hutuma pia mwito wa dharura kwa redio za VHF za baharini. Kifaa kilichopata umaarufu kwa wapiga mbizi ni Nautilus Lifeline, kilichobuniwa na Mike Lever, nahodha kutoka Canada mwenye meli zinazopeleka wapiga mbizi katika bahari ya Mexico. Mfuniko wake ukifungwa vizuri, huhimili kina cha mita 130 bila mkebe wa ziada.

Ubora wake ni kwamba anayeupata ujumbe ni boti iliyo karibu, hata ile ile iliyomleta mpiga mbizi, pengine ndani ya dakika moja au mbili. Nahodha huona alama kwenye skrini na kuifuata. Hakuna simu kwenda ng'ambo, hakuna afisa wa zamu wa kuamshwa.

Udhaifu wake ni huo huo. Mawimbi ya VHF husafiri kwa mstari ulionyooka, na antena iliyo usawa wa bahari haifiki mbali: kwa kawaida maili za baharini nne hivi hadi melini, ingawa ndege iliyo juu huipata kwa umbali mkubwa zaidi. Aidha, isipokuwepo boti yenye kipokezi ndani ya eneo hilo, kifaa kitaita mpaka betri iishe na hakuna atakayejua.

Hapo ndipo swali la mnunuzi wa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa linapotofautiana na la mnunuzi wa Florida. Kwa kanuni za kimataifa, meli zenye ukubwa wa tani 300 na kuendelea zinazosafiri baina ya nchi zilitakiwa kuwa na AIS kufikia mwisho wa mwaka 2004. Kwa hiyo karibu na njia za meli zinazoingia bandarini, kifaa cha aina ya pili kina wa kumsikia. Lakini chombo ambacho mpiga mbizi aliyepotea nje ya Pemba ana uwezekano mkubwa wa kukutana nacho alfajiri si meli ya makontena. Ni mashua, ngalawa au boti ya wavuvi wa dagaa, na humo hakuna skrini. Kilichomo ni macho ya mvuvi.

Hivyo kifaa cha aina ya pili kina maana ikiwa boti ya kituo cha kupiga mbizi yenyewe ina kipokezi cha AIS au redio inayopokea mwito wa dharura, na ikiwa yupo mtu botini anayejua alama ile inamaanisha nini. Mteja ana haki ya kuliuliza hilo kabla ya kulipia safari. Kifaa kizuri kikikutana na boti isiyo na masikio, fedha imepotea bure.

Na hiyo ya setilaiti, inamwita nani katika bahari hii?

Katika mkutano uliofanyika Florence, Italia, mwaka 2000 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), nchi za Afrika zilikubaliana kuanzisha vituo vitano vya kikanda vya kuratibu uokoaji baharini. Cha kwanza kufunguliwa kilikuwa cha Mombasa, Mei 2006, na Dar es Salaam ina kituo chake kinachoshirikiana nacho. Ishara ya dharura inayotoka katika maji haya hutarajiwa kuishia katika meza za vituo hivyo.

Neno "kuratibu" lisipite bila kuangaliwa. Kituo cha uokoaji si gati lenye boti kumi zilizowashwa injini. Kazi yake ya kwanza ni kujua nani yuko karibu na kumwita: jeshi la maji, polisi wa majini, kivuko, meli inayopita, hoteli yenye boti. Sheria ya bahari inamlazimu nahodha anayepata habari za mtu aliye hatarini kwenda kumsaidia ikiwa anaweza kufanya hivyo bila kuhatarisha chombo chake. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, na mamia ya watu kufa, wavuvi na boti binafsi za pwani ya kaskazini ya Unguja walikuwa miongoni mwa waliowatoa majini watu walioshikilia magodoro na chochote kilichoelea. Nukta kwenye skrini ya Mombasa huokoa maisha pale tu inapofika haraka kwenye simu ya mtu wa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, fomu ya usajili wa kifaa ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Namba iliyo ndani ya ishara huwafungulia waokoaji kumbukumbu ya mwenye kifaa na simu za watu wa kuulizwa. Mtalii kutoka Ujerumani akiwasha kifaa chake nje ya Mnemba, taarifa hupelekwa kwa eneo alipo na pia kwa nchi kilikosajiliwa. Anayepigiwa simu kwanza anaweza kuwa mama yake huko Hamburg. Kama mama huyo anajua jina la kituo cha kupiga mbizi na namba ya nahodha, muda mwingi umeokolewa. Kama anachojua ni kwamba mwanawe yuko "Afrika", waokoaji wanaanza upya. Kifaa kisichosajiliwa nacho hutoa ishara, lakini huacha swali la iwapo ni dharura ya kweli au mtoto amechezea kitufe, na sehemu kubwa ya ishara zinazopokewa duniani ni za bahati mbaya.

Bei ya kifaa cha aina yoyote kati ya hizo mbili huanzia karibu dola 300 za Marekani. Kwa mwalimu wa kupiga mbizi wa Nungwi au Watamu hiyo si fedha ya kuchezea, na ndiyo maana vifaa vya bei ndogo havijapitwa na wakati.

Cha kwanza ni boya la kuashiria, mfuko mrefu wa rangi ya chungwa au njano unaojazwa hewa na kusimama juu ya maji kama mlingoti. Mtu aliyekuwa dafu anakuwa nguzo yenye urefu wa mita moja na nusu. Kinafuata kioo kidogo, ambacho mwako wake wa jua huonekana kwa kilomita nyingi, kisha filimbi, kisha taa. Usiku wa Agosti 14, 2023, ndege ya Walinzi wa Pwani wa Marekani iliwapata wapiga mbizi wanne wakiwa hai maili 46 kutoka Cape Fear, North Carolina. Walichokiona marubani kule chini gizani ni taa ya kumetameta.

Kipo pia kisichogharimu chochote, nacho ni kuhesabu. Januari 25, 1998, boti moja iliondoka kwenye mwamba wa St Crispin, katika matumbawe makubwa ya Australia, ikiwa imewaacha majini mume na mke raia wa Marekani. Hesabu ya abiria ilikosewa, na siku mbili zilipita kabla ya kugundulika kwamba hawapo. Hawakupatikana. Kibao cha kuandikia chini ya maji kilichookotwa baadaye kilionyesha kwamba asubuhi ya Januari 26 walikuwa hai na wanaomba msaada. Baada ya mkasa huo, ambao ulikuwa chanzo cha filamu ya Open Water ya mwaka 2003, jimbo la Queensland lilikaza kanuni za kuhesabu wapiga mbizi kabla boti haijang'oa nanga. Wangekuwa na kifaa cha setilaiti, huenda wangeonekana mchana ule ule. Nahodha angewahesabu kwa vidole, wasingekihitaji.

Kwa wanaomiliki vifaa hivi, betri huwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa ubavuni, kwa kawaida miaka mitano hadi saba, na hubadilishwa na fundi aliyeidhinishwa, si kwa bisibisi nyumbani. Majaribio hufanywa kwa kitufe maalumu cha kupimia, ambacho hakitumi mwito wa dharura. Anayekiwasha kwa bahati mbaya hapaswi kukizima na kunyamaza. Anatakiwa kukizima na kukijulisha mara moja kituo cha uokoaji kwa simu, au kwa redio ya VHF kupitia chaneli 16, ili boti iliyokwisha kutoka irudishwe.